Barua ya wazi kwa wanaosaini oda za dawa: wagonjwa wa pumu wanarudi walewale kwa sababu tunawapa dawa nusu

Wakubwa zangu, shikamooni.

Naandika kwa waganga wakuu, kwa matroni, kwa wafamasia mnaoshika funguo za stoo na kwa nyie wa juu kabisa mnaopitisha bajeti ya dawa. Mimi ni nesi wa mapokezi ya dharura, kabla ya hapo nilikaa wodi ya kifua, na ndo nimetoka zamu ya usiku sasa hivi hata viatu sijavua, kwahiyo sentensi zikiwa ndefu au nikirukaruka mtanivumilia, maana nikisema nilale kwanza najijua, nitaamka hasira zimeisha na barua haitaandikwa tena.

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa hivi, kaingia dada mmoja ameshikiliwa na mume wake. Nilimjua kabla sijamuona uso. Nilimjua kwa ile sauti, ule mluzi wa kifua unaosikika mtu akiwa bado yuko mlangoni. Ni mara yake ya nne ndani ya wiki sita na mara mbili kati ya hizo nimempokea mimi. Kakaa kitandani kainama mbele, mikono kaikita kwenye magoti, mabega yanapanda yanashuka, nyama za katikati ya mbavu zinavutwa ndani kila akihema. Namuuliza dada umeanza kubanwa saa ngapi, ananijibu "jana... jio... ni". Nesi yeyote akisikia mtu anakata maneno mawili vipande vitatu hahitaji kusubiri kuambiwa kitu, anakimbia. Oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu, inasoma asilimia 89, mapigo ya moyo 132.

Na mkononi kashika pampu yake ya bluu, kaikaza kweli. Anasema kavuta usiku kucha haisaidii. Nikaichukua nikaitikisa, nyepesi kama ganda la yai. Nikaibonyeza hewani, ikatoa mvuke. Sasa hapo ndo mtego ulipo, yeye aliona mvuke unatoka akajua dawa ipo, kumbe ile ni gesi ya kusukumia tu, dawa yenyewe ilishaisha siku nyingi. Ile kopo ina dozi 200, baada ya hapo itaendelea kupuliza lakini anachovuta mtu ni hewa ya kopo, na nyingi tunazopewa hazina hata kihesabio cha kumuonyesha zimebaki ngapi.

Tukamuwekea oksijeni, tukampa nebulaiza, ile mashine ya kumvutisha dawa kama mvuke, ya salbutamoli na ipratropiamu za kufungua kifua, prednisoloni ya vidonge ambayo ni steroidi ya kumeza, na baada ya kama saa moja na nusu akaanza kuongea sentensi nzima. Asubuhi karuhusiwa. Mnajua kaondoka na nini? Prednisoloni ya siku tano na pampu nyingine ya bluu. Basi. Na aliyemkabidhi hiyo pampu ni mimi, kwa mkono wangu huu, huku najua kabisa tutaonana tena, ndo maana nimekasirika kiasi hiki, ingekuwa kosa la mtu mwingine ningeshalala.

Ngoja nieleze kwa lugha ya kawaida maana najua kati yenu wapo watu wa mahesabu ambao kifua hawajakisomea na sio dhambi. Pumu inafanya vitu viwili kwa mpigo. Kwanza misuli inayozunguka njia za hewa inajikaza. Pili, na hiki ndo chenyewe, kuta za ndani za hizo njia zimevimba na zinatoa ute mzito, na huo uvimbe upo hata ile siku mgonjwa anacheka na kupanda ngazi vizuri. Pampu ya bluu, salbutamoli, kazi yake ni kulegeza misuli, inaanza ndani ya dakika chache, inakaa saa nne mpaka sita, imeisha. Uvimbe haiugusi. Kinachotibu uvimbe ni steroidi ya kuvuta, beklometasoni, budesonidi, na ndugu zao, ambayo mgonjwa anavuta kila siku hata akiwa hajisikii chochote, na haimpi nafuu pale pale, inataka siku kadhaa hata wiki ndo ionyeshe kazi. Ndo maana haina mashabiki. Bluu ukiivuta kifua kinafunguka, moyo unakimbia, vidole vinatetemeka, yaani unasikia kabisa kwamba umepata dawa. Ile ya kuzuia ukiivuta husikii kitu, mgonjwa anaona kama umempa maji.

Kwahiyo bluu peke yake ubaya wake sio kwamba inapungukiwa tu, inamdanganya mtu, anapata nafuu ya saa nne anajiona mzima na huku ndani moto unazidi. Na hili halijagunduliwa jana. New Zealand kuanzia 1976 vifo vya pumu vilipanda ghafla, vikaja kuhusishwa na pampu ya fenoteroli ambayo ni ya ukoo mmoja na salbutamoli ila kali zaidi, na ilipowekewa vikwazo mwaka 1989 vifo vikaporomoka. Uingereza ripoti ya mwaka 2014 ilipitia vifo 195 vya pumu, faili kwa faili, wakakuta kati ya waliokuwa wanatumia pampu za nafuu wakati wanafariki, karibu wanne katika kila kumi walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 ndani ya mwaka mmoja. Zaidi ya 12! Maana yake kuna mtu alikuwa dirishani anatoa pampu kila mwezi, anagonga mhuri, anasema anayefuata, na hakuna aliyesimama kujiuliza hivi huyu mbona kila mwezi. Mimi nikisoma hiyo namba siwacheki Waingereza, najiona mwenyewe pale dirishani.

Upande wa pili sasa. Kanada, jimbo la Saskatchewan, walifuatilia wagonjwa wa pumu wakaja kutoa matokeo mwaka 2000, kila kopo moja la ziada la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alilitumia ndani ya mwaka lilikwenda na kupungua kwa vifo vya pumu kwa asilimia 21. Kopo moja. Alafu tangu 2019 mwongozo wa GINA, ule mpango wa kimataifa wa pumu, ambao hata hapa ofisini kwenu umebandikwa ukutani nimeuona, unasema mtu mzima na kijana kuanzia miaka 12 asitibiwe pumu kwa pampu ya bluu peke yake, lazima apate steroidi ya kuvuta, iwe ya kila siku au ile pampu iliyochanganywa budesonidi na fomoteroli ambayo pampu moja inafanya kazi zote mbili, inafungua kifua na kutuliza uvimbe. Zote hizi zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwahiyo msiseme ni dawa za anasa.

Sasa kwanini hatuna? Nilitaka kujua, nikaenda stoo mwenyewe. Fomu ya oda inauliza jambo moja tu, matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Salbutamoli ya pampu, imetoka yote. Aminofilini ya sindano, nayo ya kufungua kifua, imetoka. Beklometasoni, sifuri. Na sifuri ni kwa sababu haikuwepo! Daktari akijua haipo haiandiki, kwanini amsumbue mgonjwa na karatasi ya dawa isiyopatikana, asipoandika matumizi yanasoma sifuri, matumizi yakisoma sifuri oda inarudi sifuri, na robo ijayo tunaanza upya pale pale. Robo iliyopita mfamasia wetu alijitutumua akaandika 40 kwa mkono. Fomu ikarudi mstari umekatwa na kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa neno moja, "haitoki". Itatokaje kitu ambacho hakijawahi kuingia jamani. Nilicheka pale stoo mpaka mfamasia akanishangaa, ila kicheko chenyewe kilikuwa kile cha kukaribia kulia.

Na mkisema bajeti, naomba mnihesabie vizuri. Yule dada mara nne ndani ya wiki sita kala oksijeni, dawa za nebulaiza, kitanda, nesi wawili, daktari mmoja, na prednisoloni juu ya prednisoloni, ambayo nayo ukiirudia rudia namna hiyo inakuja kudai deni lake, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, macho yanaingia mtoto wa jicho, uso unafura. Msichohesabu ni hicho kwa sababu kinatoka mfuko mwingine, pampu inaonekana kwenye mstari wa dawa na usiku wa dharura umejificha kwenye mstari wa "uendeshaji". Na msije mkasema ni watu wachache, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 watu wenye pumu walikuwa milioni 262 na waliokufa ni 455,000, wengi wao kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani penye kalamu nyekundu nyingi.

Lakini hata mkileta pampu kesho lori zima, nusu ya kazi bado. Naomba mkae siku moja tu pale dirisha la dawa muangalie. Mgonjwa anapewa boksi, anaambiwa "vuta mbili asubuhi mbili jioni", karatasi inachanwa, anayefuata. Nani kamuona akivuta? Hakuna. Mimi nina tabia, mgonjwa wa kifua akitulia namwambia haya mama hebu nionyeshe unavyovuta, nisikudanganye, ni sinema. Mmoja anafungua mdomo wazi anajipulizia ulimini kama mtu anajipaka manukato. Mwingine anabonyeza, anamaliza kubonyeza, ndo anakumbuka kuvuta. Mwingine anavutia puani. Kuna baba mmoja mtu mzima na heshima zake, pampu anaitumia mwaka wa tatu, alikuwa hajawahi kuitikisa hata siku moja, akaniambia "sista, mbona hakuna aliyenambia?" sikuwa na jibu. Na kuna mzee aliyepewa zile kapsuli za tiotropiamu, dawa ya kufungua njia za hewa, za kuwekwa kwenye kifaa zitobolewe zivutwe, yeye akawa anazimeza na maji kila asubuhi kwa nidhamu kabisa, anashangaa kifua hakibadiliki.

Na kumuonyesha mtu sio jambo la ajabu. Tikisa. Toa pumzi nje mpaka iishe. Kaza midomo kwenye kifaa meno yasizibe. Anza kuvuta taratibu na hapo hapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka ndani kabisa, zuia pumzi uhesabu mpaka kumi, pumzika kama nusu dakika ndo urudie. Ikiwa ni ya steroidi sukutua mdomo uteme, usipofanya hivyo unaota utando mweupe wa fangasi ulimini na sauti inakauka alafu unaiacha dawa, tumewapoteza wengi hapo. Zile pampu za dawa ya ungaunga ni kinyume, hazitikiswi, na uvutaji wake ni wa nguvu na haraka, kwahiyo mtu akihamishwa kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kuelekezwa upya ni sawa na kumpa dawa isiyofanya kazi. Dakika kumi, kumi na tano kwa mgonjwa mmoja. Alafu mgonjwa arudishe, akuonyeshe yeye, sio atikise kichwa. Akija kliniki mara ya pili mwangalie tena, maana watu wanasahau na wanarudia zile za zamani.

Hizo dakika kumi na tano ndo sina. Kwenye karatasi ya zamu kuna kuchoma sindano, kuna kubadilisha dripu, kuna kuandika ripoti, kufundisha mgonjwa hakuna mahali pa kutiki. Kazi isiyo na sehemu ya kutiki kwenye taasisi yoyote haipo, tusidanganyane. Nikikaa na mgonjwa mmoja namfundisha, mwenzangu anabaki na vitanda kumi na mbili anaona nimekaa napiga stori, na matroni akipita ananiuliza hapo unafanya nini.

Speisa nayo. Lile dude la plastiki linalowekwa kati ya pampu na mdomo ili dawa isigonge kooni bali iingie mapafuni, kwa mtoto ni lazima na kwa mtu mzima aliyebanwa ni msaada mkubwa. Hatuna. Sawa, tunatengeneza, mwaka 1999 huko Cape Town walithibitisha kwa watoto waliokuwa wamebanwa na pumu kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako kwa waya wa moto ikae sawasawa na mdomo wa pampu, inafanya kazi sawa na ile ya kununua. Nami nina mfuko wa chupa kwenye kabati langu. Natoboa mwenyewe, naosha kwa maji ya sabuni naacha ikauke bila kuifuta na kitambaa maana ukifuta plastiki inapata umeme na dawa inang'ang'ania kwenye kuta. Ila hebu fikirieni picha yake, nesi saa tisa usiku anachoma waya atoboe chupa huku stoo yenu ina glavu za kutosha miaka miwili. Na mkinipa speisa na pampu nitawapunguzia hata gharama ya ile mashine mnayoipenda, kwa aliyebanwa kiasi, asiye mahututi, kubonyeza mara 4 mpaka 10 kwenye speisa kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza kunamfungua sawa na nebulaiza, na haihitaji umeme. Shida ni kwamba nebulaiza ina kelele na moshi, wagonjwa wanaiamini, na nikisema ukweli hata baadhi ya madaktari wetu wanaiamini kwa sababu hiyohiyo.

Sasa wazee wangu wa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu wa wavuta sigara na wa waliopuliza moto wa kuni maisha yao yote na waliokula vumbi kazini. Hawa hawaongelewi kabisa, na wanakufa wengi kuliko wa pumu, milioni 3.5 mwaka 2021 dunia nzima. Dawa yao haipangwi kama ya pumu, wao kwanza wanahitaji za kufungua njia za hewa za muda mrefu kama hiyo tiotropiamu mara moja kwa siku, steroidi ya kuvuta inaongezwa kwa baadhi tu maana inawaongezea hatari ya nimonia, na kuacha sigara kunawasaidia kuliko karibu kila kilichopo kwenye stoo. Lakini ninachotaka kuwaambia leo ni oksijeni.

Kuna mzee tulikuwa naye wodini, mpole, anaita kila nesi "mwanangu". Napokea zamu naambiwa kitanda cha saba anaendelea vizuri, amelala. Nikapita. Maski ya oksijeni usoni, geji imefunguliwa lita kumi kwa dakika, kidoleni 99, kila mtu roho safi. Nikamshika mkono, wa moto na umelegea. Mapigo yanagonga kwa nguvu. Namuita mzee, mzee, anafungua jicho nusu anarudi. Huyu hakulala wakuu, huyu alikuwa anazama. Mapafu ya namna yake ukiyamwagia oksijeni bila kipimo yanashindwa kutoa hewa chafu, kabonidioksidi inajaa kwenye damu mtu anasinzia taratibu mpaka anaacha kuhema, na mashine ya kidoleni haitakwambia chochote, itaendelea kukuchekea na 99 yake. Nikamwita daktari, tukashusha oksijeni kidogo kidogo, hatukuzima maana kuzima ghafla nako ni kumuua, tukamleta kwenye 88 mpaka 92 tukakaa naye hapo. Alfajiri akaniuliza miwani yake imewekwa wapi.

Kwenye faili lake daktari alikuwa ameandika "oksijeni". Neno moja hivyohivyo. Ingekuwa dawa nyingine yoyote imeandikwa bila dozi ningeirudisha, kwanini oksijeni inapita? Tasmania kule Australia walipima hili kwenye magari ya wagonjwa wakatoa majibu 2010, watu 405, waliomwagiwa oksijeni kwa wingi walikufa 9 katika mia, waliopimiwa wakae 88 mpaka 92 walikufa 4 katika mia, na tofauti yenyewe ni nesi au mhudumu kuzungusha geji. Haina gharama hii! Inataka fomu ya oksijeni iwe na sehemu ya kuandika kiwango kinachotakiwa, inataka maski za ventyuri kidogo, zile zinazopitisha oksijeni kwa kipimo, na oksimita moja kila wodi ambayo betri zake haziendi kwenye rimoti ya ofisini. Samahani lakini ndo ukweli.

Nikiwa hapohapo kwenye ya usiku, naomba aminofilini ya mshipani mtusaidie kuitoa kwenye mazoea. Dozi inayosaidia na dozi inayoleta degedege na moyo kupiga ovyo ni majirani wa ukuta mmoja, hatuna kipimo cha kuona kiwango kwenye damu, na wengi wanakuja wameshakunywa vidonge vya ukoo huohuo nyumbani na hakuna aliyewauliza, alafu mimi ndo naambiwa nisukume. Nisukume taratibu, sawa, taratibu ngapi na vitanda kumi na mbili? Mwongozo uleule wa GINA unasema isitumike kwa aliyebanwa na pumu. Vilevile sindano ya kumtuliza mgonjwa anayehangaika, wakuu, mtu anahangaika kwa sababu hewa haiingii, ukimtuliza umemtuliza moja kwa moja. Na kile kifua kinachonyamaza ghafla hakina mluzi tena, naomba madaktari wageni wafundishwe kwamba hiyo sio nafuu, ni hewa haipiti kabisa. Nimeshawahi kumzuia mtu mlangoni akiwa anaenda kuandika "ameimarika".

Najua mtasema nesi naye anataka kuandika dawa. Sitaki. Ninachotaka ni nikimpokea mtu wa pumu mara ya pili ndani ya mwezi niwe na ruhusa ya kusimamisha kuruhusiwa kwake mpaka awe na steroidi ya kuvuta mkononi, nimemuona akiivuta, na ana karatasi iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, ukiwa kijani, yaani unahema vizuri, fanya hivi, ukianza kuamka usiku kwa kukohoa fanya hivi, ukishindwa kumaliza sentensi usisubiri asubuhi njoo. Dakika zangu kumi na tano ziingie kwenye karatasi ya zamu na sehemu ya kutiki. Na daktari akitaka kumpa propranololi, dawa ya presha na moyo inayoweza kumbana kifua, mtu mwenye pumu nikiinua mkono nisionekane mjuaji.

Kuhusu kipimo cha kupuliza, kile kibomba cha plastiki cha kuona nguvu ya pumzi, tulikuwa nacho kimoja kikapotea wakati wa kupaka rangi wodi. Nimeshaandika barua mbili za hicho, hii siitumii kwa hilo.

Yule dada kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye benchi nje, zamu yangu ilikuwa imeshaisha kwahiyo hakuna wa kuniuliza nafanya nini. Nikampa moja ya chupa zangu. Mara ya kwanza kavuta kwa puani, ya pili kabonyeza mapema, ya tatu kapatia, mume wake akawa anahesabu mpaka kumi kwa sauti kama refa. Kwenye kopo jipya nimemwandikia tarehe ya leo kwa kalamu ya wino mzito, na nimemwambia aweke alama kwenye kalenda kila akivuta, kwa sababu dozi 200 kwa alivyozoea kuvuta mara nane kwa siku zinaisha siku ya 25. Akaniuliza, "Sista, na ile nyingine uliyosema ya kuzuia, nije lini kuichukua?"

Nimemwambia aje baada ya wiki tatu. Oda ya robo inafungwa mwisho wa mwezi huu, mfamasia kaniahidi ataandika tena beklometasoni 40, mstari wa kumi na tisa, ukurasa wa pili. Naomba safari hii msiukate.

Nesi wa zamu ya usiku,
mapokezi ya dharura